Kipimo Kianzie Mkononi

Miongoni mwa masomo ya madarasa ya mwanzo, somo la vipimo ndilo aghalabu hudhulumiwa kuliko yote. Kwani mwalimu huchora rula ubaoni, akaandika kwamba mita 1 ni sentimita 100, darasa likaitikia kwa sauti moja, ikadhaniwa kuwa elimu imekwisha kuingia. Mpe mmoja wao kalamu ya risasi aipime, nawe utamwona akiweka kitako chake kwenye alama ya 1 badala ya 0, akaisoma 10 ilhali urefu wake ni sentimita 9, wala asishtuke, maana kwake yeye rula ni kitu cha kusomwa tu.

Rai yangu ni kwamba rula ije baadaye. Wazee wa pwani walipima urefu kwa shibiri, dhiraa na pima, na nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi 1. Na fadhila ya shibiri na dhiraa kwa mwalimu ni kwamba mtoto huja nazo darasani, hazinunuliwi wala hazisahauliki nyumbani. Watoto wawili na wapime dawati moja kwa shibiri: huyu atapata 6, yule 7, na ubishi utazuka. Mwalimu asiharakishe kuamua, bali awaache wachunguze kama kuna aliyeruka nafasi kati ya shibiri na shibiri, au aliyekunja vidole, mpaka wakinge viganja na kugundua kuwa mikono yenyewe haikulingana. Rula ikiletwa saa hiyo, hupokewa kama kadhi aliyengojwa.

Vivyo hivyo kwa ujazo. Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980) alibainisha kuwa mtoto mdogo, aonapo maji yaleyale yakimiminwa kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba, husema yamezidi kwa kuwa yamepanda; na dhana hiyo, kwa itikadi yangu, haiondoki kwa hotuba, ila kwa kumimina na kurudisha. Kopo na mchanga vyatosha. Na ajaze mara moja kwa tele, mara moja kwa mfuto, ahesabu makopo yanayojaza ndoo kwa kila namna, naye atafahamu jinsi mnunuzi anavyopunjwa sokoni bila ya kopo kubadilishwa.

Nitaambiwa kuwa madarasa yamefurika na kelele zitakuwa nyingi. Ni kweli; lakini kamba, makopo na mchanga hugawiwa makundi kwa wepesi kuliko rula zisizokuwapo, na uwanja wa shule hauna kuta za kurudisha mwangwi. Lililo gumu zaidi ni ada yetu ya kutahini kwa midomo. Basi mkaguzi aingiapo darasani, asiulize mita ina sentimita ngapi. Ampe mtoto kamba, amwulize kama meza ile itapita mlangoni, kisha anyamaze amtazame.