Mahudhurio Si Idhini

Nina jambo la kuungama kabla sijamlaumu mtu.

Miezi michache iliyopita niliitwa, pamoja na wakazi wengine wa wadi yetu, kutoa maoni juu ya makadirio ya matumizi ya kaunti. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa afisi ya wadi jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mkutano uliotangazwa kuwa wa saa nne asubuhi ulianza saa sita na nusu. Mlangoni tulipewa karatasi, tukaandika majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu, kisha tukatia sahihi. Mimi, wakili ambaye kila siku huwakanya wateja wasitie sahihi wasichokisoma, nilitia sahihi yangu juu ya karatasi isiyokuwa na kichwa chochote.

Afisa mmoja akatusomea tarakimu kutoka kitabu kinene cha Kiingereza ambacho nakala yake ilikuwa moja tu, nayo alikuwa ameishika yeye. Mama muuza mboga akasimama akauliza: choo cha soko kilichotengewa pesa mwaka juzi, kikatengewa tena mwaka jana, kiko wapi? Akajibiwa kwamba hiyo haikuwa siku ya kuzungumzia mambo yaliyopita. Mzee mmoja akauliza kwa nini chumba cha akina mama cha zahanati kina kufuli mlangoni na hakijawahi kupokea mzazi hata mmoja. Akaambiwa asilete siasa. Tukapewa soda na mkate, mkutano ukafungwa kwa sala, tukaenda zetu.

Majuma kadhaa baadaye niliisoma ripoti iliyopelekwa katika bunge la kaunti. Ilisema kwamba wakazi wa wadi yetu walihudhuria kwa wingi na kuyaunga mkono makadirio. Choo hakikutajwa. Kufuli haikutajwa. Ushahidi wa kuunga mkono kwetu ulikuwa nini? Ilikuwa karatasi ile ile ya mlangoni, na jina langu likiwa miongoni mwa majina ya kwanza!

Hili ndilo ninalolipinga leo. Mahudhurio yetu yamegeuzwa kuwa idhini yetu. Tunaitwa tusikilize, kisha inaandikwa kwamba tumekubali.

Wale waliopigania mageuzi watalitambua jambo hili mara moja, kwa maana si geni. Ni baraza la chifu lililovaa suti. Chini ya Sheria ya Mamlaka ya Machifu ya mwaka wa 1937, tuliyorithishwa na mkoloni nasi tukaitunza kama mboni ya jicho, chifu aliweza kumwita mtu yeyote afike mbele yake na kuwaamuru wanakijiji wafanye kazi bila hiari yao. Barazani mwananchi alikuwa na wajibu mmoja, nao ni kupiga makofi. Ama kuitisha mkutano wake mwenyewe, hilo lilihitaji leseni ya serikali, na leseni haikutolewa kwa wenye maswali.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka wa 1988, mwaka wa uchaguzi wa mlolongo. Katika mchujo wa chama watu walipangwa foleni mchana peupe nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa mbele ya macho ya wakubwa. Po pote palipokuwa na foleni fupi iliyotangazwa kuwa ndefu, waliosimama humo walijua, na watoto waliokuwa wakitazama walijua. Dhuluma ya mlolongo haikuwa kwamba watu walikosa kuhudhuria. Walihudhuria, wakasimama juani, na miili yao ikatumiwa kuhalalisha jambo ambalo hawakulichagua. Je, karatasi yetu ya mlangoni ina tofauti gani na foleni ile?

Tukumbuke pia jinsi mamlaka ya mashinani yalivyonyakuliwa hatua kwa hatua. Mnamo Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara ziliondolewa mikononi mwa mabaraza ya kaunti ya wakati huo zikapelekwa Nairobi. Mwaka wa 1983 hata Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na jiji likaongozwa na tume ya walioteuliwa hadi mwaka wa 1992. Kwa hiyo watu walipokusanyika Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, na wengine wakauawa katika siku zilizofuata, hawakuwa wakidai wingi wa vyama peke yake. Kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991. Leseni ya mikutano na ile sheria ya machifu zilirekebishwa mwaka wa 1997. Lakini kiu ya mwananchi ya kuwa na neno katika mambo ya mtaa wake ilisubiri hadi tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipoidhinishwa rasmi.

Na Katiba hiyo inasema nini? Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 174 kinasema kwamba ugatuzi upo ili wananchi wawe na uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Kifungu cha 196 kinaliagiza bunge la kaunti kufanya kazi yake kwa uwazi na kuwahusisha wananchi. Kifungu cha 203 kinazitengea kaunti 47 kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Pesa zilishuka mashinani kuanzia mwaka wa 2013. Lakini tabia ya baraza haikubadilika pamoja nazo. Tuligatua hazina bila kugatua adabu ya kujibu maswali.

Wasituambie kwamba sheria haina meno. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka wa 2013 kwa sababu wananchi hawakuhusishwa ipasavyo. Mahakama ilikataa kwamba ushiriki wa umma ni desturi ya kutimizwa kwa jina tu. Sheria nzima ya kutoza ada ikaanguka kwa sababu wenye kutozwa hawakuulizwa! Basi afisa anayetuita usiku ili tuje asubuhi ajue kwamba anajenga juu ya mchanga.

Nazisikia hoja za watetezi wa mtindo huu. Wanasema kwamba wananchi hawaji mikutanoni, na wakija wanataka posho. Ni kweli kwamba wengi hawaji. Lakini mama muuza mboga anayefunga kibanda chake kutwa nzima amejitoza ushuru kabla hajalipa ule wa soko. Akiuliza swali moja na kuambiwa si siku yake, arudi mwakani kwa sababu gani? Aliyefunza watu kwamba maneno yao hayana uzito asishangae wakianza kuyauza kwa soda.

Wanasema pia kwamba mwananchi wa kawaida haelewi mambo ya bajeti. La hasha! Nendeni mkatazame chama cha akina mama katika kanisa lolote la kijijini. Kila mwezi mweka hazina husimama na daftari, akasoma kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ikikosekana shilingi hamsini, kikao hakifungwi. Hakuna asomaye kwa Kiingereza, wala hakuna anayeambiwa kwamba mambo ya mwezi uliopita yamepita. Akina mama hawa hawajashindwa na hesabu. Wamenyimwa daftari.

Hapa sina budi kugeuka na kutazama nyumba yetu wenyewe, yaani kanisa. Mwaka wa 1986, wanasiasa walipokuwa wakiusifu mlolongo, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa waliupinga waziwazi. Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Askofu David Gitari, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki na Mchungaji Timothy Njoya walisema wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Mimbari ilikuwa kauli ya asiye na kauli. Je, miaka iliyofuata ilikuwaje? Mara ngapi tumemwona kiongozi akikaribishwa mbele ya madhabahu, akatoa bahasha, akapigiwa makofi na watu wale wale ambao zahanati yao ina kufuli?

Vijana walituuliza swali hilo mwaka wa 2024, katika maandamano ya Juni dhidi ya Mswada wa Fedha, nao waliuliza kwa uchungu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango uliotolewa na viongozi wa serikali katika parokia ya Soweto na kuagiza urejeshwe. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Lakini kurudisha bahasha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza mwenye bahasha habari za daftari.

Maandiko yanatupa kielelezo. Samweli alipozeeka na kumkabidhi mfalme uongozi, alisimama mbele ya Israeli yote akawataka watu wamshuhudie kama amemnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au kupokea rushwa ili kupofusha macho yake. Hakuwaambia kwamba hiyo haikuwa siku ya mambo yaliyopita. Aliyaleta yaliyopita yeye mwenyewe, akangoja jibu. Nabii aliyekubali kukaguliwa na watu hakupungukiwa na heshima. Je, afisa wa wadi ni mkubwa kuliko Samweli?

Basi tufanye nini? Nasema kama mwanasheria, na kama mkazi aliyekwisha kudanganywa mara moja.

Kwanza, tuijue kalenda ya pesa zetu. Serikali ya kaunti hutakiwa kuyafikisha makadirio yake katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutakiwa kutoa ripoti katika muda wa miezi sita baada ya mwaka huo kuisha. Anayengoja tangazo la mlangoni amekwisha kuchelewa.

Pili, tuombe daftari kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na afisa anatakiwa kujibu katika muda usiozidi siku 21. Ulizeni kwa barua: choo cha soko kilitengewa kiasi gani, nani alipewa zabuni, amelipwa kiasi gani? Barua ina faida moja ambayo swali la mdomo halina: haiwezi kuambiwa ikae chini.

Tatu, tusitie sahihi karatasi isiyo na kichwa. Iandikwe juu kabisa kwamba ni orodha ya mahudhurio tu. Na kabla ya sala ya kufunga, kumbukumbu za mkutano zisomwe kwa sauti, kwa lugha tunayoielewa, ili kila aliyeuliza swali asikie kama limeandikwa.

Nne, tudai kwamba hakuna makadirio ya mwaka ujao yatakayojadiliwa katika wadi kabla ya kusomwa kwa hesabu za mwaka uliopita. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji wakazi wanaokataa kuendelea mbele hadi wajibiwe.

Tano, kila parokia na kila usharika uwe na kamati ya haki itakayobandika makadirio ya wadi kwenye ubao wa matangazo ya kanisa, kando ya majina ya wanaotaka kufunga ndoa. Nako msikitini, ndugu zetu Waislamu wafanye vivyo hivyo, kwa maana choo kisichojengwa hakibagui dini.

Mimi nimekwisha kuanza. Nimeliandikia bunge la kaunti kwamba jina langu limetumiwa kuthibitisha jambo ambalo sikulikubali, na nimeomba ripoti ile irekebishwe. Mama muuza mboga ametia sahihi barua hiyo pamoja nami, na mzee wa zahanati pia. Safari hii kila mmoja alisomewa barua yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo akaishika kalamu.

Wazee wetu walikataa kuhesabiwa kama mifugo katika foleni. Nasi tukatae kuhesabiwa kama makofi katika karatasi. Wakituita tena, tutakwenda, lakini tutakwenda na maswali yetu yakiwa yameandikwa, na hatutaondoka hadi yaingie katika kumbukumbu.