Uanagenzi wa Kompyuta Uwe na Mkataba



Katika mtaa wa Kimisagara, hapa Kigali, wako vijana wengi ambao wazazi wao ni watu kama sisi: wapakiaji mizigo wa Nyabugogo, wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi, na wengine walioacha mashamba kuja kutafuta riziki mjini. Vijana hawa wanataka kazi ya kompyuta. Wapo waliojifunza katika Kituo cha Vijana cha Kimisagara, na wapo waliojifunza wenyewe kwa simu au kwa mashine ya kuazima. Lakini wakienda kuomba kazi huulizwa swali lile lile: una uzoefu wa miaka mingapi?

Bila kazi hupati uzoefu, na bila uzoefu hupati kazi. Mtoto wa mkubwa ana mjomba ofisini wa kumfungulia mlango. Mtoto wa mchuma chai hana.

Wapo wanaosema kwamba dawa yake ni shule tu. Sikubaliani nao. Kazi ya kompyuta, ukiivua majina yake makubwa, ni ufundi. Kufufua mashine iliyokufa, kuunganisha nyaya za mtandao, kuandika programu ya kuhesabu mishahara, yote haya hujifunzwa kama ushonaji na uashi, yaani kwa kukaa karibu na fundi, kukosea, kusahihishwa na kurudia. Mafundi simu wetu wengi hawakusomea kwingine ila kwenye meza ya fundi mwenzao. Kwa hiyo uanagenzi ndiyo njia inayomfaa kijana asiye na cheti wala uzoefu.

Ninalotaka tulijadili ni uanagenzi wa namna gani. Kuna ule ambao kijana huambiwa yuko kwenye "staji". Miezi mitatu, halafu mitatu mingine. Nauli yake mwenyewe, chakula chake mwenyewe. Anafanya kazi ya karani na ya fundi pamoja, na siku ya kuondoka hapewi hata karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwapo. Kesho yake anaitwa mwingine akalie kiti kile kile. Hiyo ni kazi bila ujira, hata ikipewa jina zuri namna gani. Tena nauli ile hutoka katika mshahara wa mzazi. Maana yake mfanyakazi wa kiwandani anamchangia mwajiri mwingine, asiyemjua, aendeshe ofisi yake!

Hata uanagenzi wenye malipo unaweza kukatika. Chukueni mfano wa kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 na kuingia Kigali mwaka 2018. Iliwachukua vijana kwa kuwapima uwezo badala ya kudai miaka ya uzoefu, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawapa kazi za makampuni ya ng'ambo. Sifa hiyo ni yake na hatuna sababu ya kuificha. Lakini Septemba 2019 ilipunguza vijana wapatao 400 wa daraja la chini katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka mafundi wenye uzoefu zaidi. Lile swali la mlangoni likawafuata hadi ndani. Mahali pasipo na makubaliano ya pamoja, siku kama hiyo mwanagenzi hupokea anachopewa na kwenda zake.

Ujerumani walifanya vingine. Mwaka 1997 kazi za kompyuta ziliingizwa katika orodha ya fani za uanagenzi, baada ya waajiri na vyama vya wafanyakazi kukaa meza moja. Mwanagenzi wa kule ana mkataba wa maandishi, hulipwa kila mwezi, hugawa muda wake kati ya kazini na shuleni, na mwisho hufanya mtihani unaotambuliwa nchi nzima. Mtu atasema Ujerumani ni nchi tajiri. Kweli. Lakini karatasi ya kuandikia mkataba inauzwa hata Kimisagara.

Tena si Ujerumani peke yake. Juni 2023, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 208 juu ya uanagenzi bora. Linataka mwanagenzi awe na makubaliano ya maandishi, apate malipo yanayofaa, asizidishiwe saa, apate likizo, afidiwe akiumia kazini, na awe huru kujiunga na chama. Ni kweli kwamba pendekezo haliifungi serikali kama unavyoifunga mkataba wa kimataifa iliouridhia. Hata hivyo ni silaha ya mazungumzo, na kila kiongozi wa tawi alisome. Na tusisahau sheria yetu ya kazi ya mwaka 2018: umri wa kuajiriwa ni miaka 16, na mtoto wa miaka 13 hadi 15 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, katika uanagenzi. Fundi anayemkesha mtoto wa miaka 14 dukani hamfundishi, anamtumia.

Tuanzie viwandani mwetu wenyewe. Kiwanda chenye kompyuta za mishahara na mizani za umeme huita fundi kutoka mjini kila zinapoharibika. Katika mazungumzo yajayo ya makubaliano ya pamoja, kila tawi lidai nafasi mbili za wanagenzi wa kompyuta kwa watoto wa wafanyakazi, wasichana kwa wavulana. Muda utajwe, posho itajwe, fundi wa kuwafundisha atajwe kwa jina, na cheti kitolewe mwishoni. Wale waliokwisha kujifunza mezani kwa fundi wasaidiwe kupimwa na kupata cheti, kwani utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini upo hapa Rwanda. Mwajiri akijibu kwamba hana fedha, aulizwe analipa kiasi gani kila anapomwita fundi wa mjini, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.