Picha yako ya 3D haionyeshi bomba linapita wapi

Niblokini mkitaka, lakini hii tabia ya vijana wa ramani hapa Nyeri imenichosha. Kila nikifungua simu ni jumba lenye taa za dhahabu, gari kubwa limepaki nje, na Mlima Kenya umetokezea nyuma kama kwenye kalenda. Sawa, poa. Sasa mchoro wa choo uko wapi?

Piga hesabu na mimi. Bafu la mita 1.5 kwa 2.1, kwa skeli ya 1:100, ni milimita 15 kwa 21 kwenye karatasi. Hiyo ni stempu, buda. Ndani ya stempu umebana choo cha kukaa, sinki, shawa na mlango, halafu unataka fundi wa King'ong'o ajue bomba la maji taka linatoboa slabu wapi. Atakisia. Akikosea, slabu imeshamwagwa, na kinachofuata ni nyundo na patasi kwa pesa ya mwenye nyumba. Kwa 1:20 bafu hilo hilo ni milimita 75 kwa 105. Linasomeka hata na mtu mwenye simiti mikononi.

Mnasema kukuza michoro kunakula muda. Kunakula kwa sababu ya vile mnafanya. Unakopi ramani, unaipesti kando, unaivuta mara tano. Maandishi yanakuwa bango la kampeni, vipimo vinasoma mara tano ya ukweli, so unakaa kuviandika upya kwa mkono, kimoja kimoja. Kesho mteja anahamisha mlango. Ramani inabadilika, ile kopi inabaki na mlango wa jana, na karatasi zote mbili ziko saiti. Fundi afuate gani?

Na programu ilishamaliza hii maneno kitambo! Kwenye Revit unazungushia bafu kolauti, mwonekano mpya unatoka kwa modeli ile ile, unaupa skeli yake. Maandishi ya milimita 2.5 yanabaki 2.5 kwenye karatasi, skeli yoyote. Mlango ukihama, unahama kote. Tagi inasoma namba kutoka kwa mlango wenyewe, na amri moja inatagi yote ambayo hayajatagiwa. Hata AutoCAD ina maandishi yanayofuata skeli tangu toleo la 2008.

ArchiCAD inataka nidhamu kidogo. Vipimo vya orofa vinaishi pamoja, kwa hivyo weka leya ya vipimo vya 1:100 na nyingine ya 1:20, kisha uhifadhi mwonekano wa kila skeli. Na chungeni ile tuli ya diteli: inachukua kopi, na haijisasishi mpaka uiamuru. Kuna watu wanaprinti diteli za mwezi jana wakidhani ni za leo.

Halafu ploti ya vyumba 12 vinavyofanana, unakuza bafu moja tu. Muda gani huo mnalilia?

"Mteja halipii diteli." Kweli, yule wa Karatina analipia picha, kwa sababu ni picha mlimuuzia. Hiyo karatasi ya 1:20 hajawahi kuonyeshwa, angeiulizaje?

Najua mtakuja na ile ya "wewe uliacha chuo, utatufunza nini." Leteni. Lakini mkikuja, mje na shiti moja, 1:20, yenye kipimo kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Sio sebule. Choo.