Tulipime Darasa la Awali kwa Macho Yetu

Ndugu wazazi, kila ifikapo Oktoba, shule za msingi za serikali zinapoanza kuandikisha watoto wa awali, swali ni moja katika miji yetu midogo: tumpeleke shule ipi? Jibu tunalichukua sokoni na vijiweni, nalo huwa jina la shule iliyofaulisha wengi darasa la saba. Mizani hiyo haifai. Ufaulu wa mtoto wa miaka 13 hausemi lolote juu ya mwalimu atakayempokea wa miaka 5.

Nendeni wenyewe, asubuhi, vipindi vikiendelea. Hesabuni watoto: serikali yenyewe imeweka mwalimu 1 kwa watoto 25. Ulizeni kama mwalimu huyo amesomea elimu ya awali au amepangiwa darasa kwa kukosekana mwingine. Tazameni kona za ujifunzaji. Visoda, vijiti na picha vinashikwa na watoto, au vimetundikwa juu vikimsubiri mthibiti ubora? Wanacheza na kusimuliana hadithi, au wanakaririshwa irabu mpaka wanasinzia? Mtaala unataka mtoto wa awali ajifunze kwa michezo. Mzazi anayefurahia daftari lililojaa maandishi anajidanganya. Na choo mkikague: tundu la mwanafunzi mkubwa ni hatari kwa mtoto mdogo.

Lakini linaloniuma zaidi ni linalofuata. Shule moja ikishasifiwa, mji mzima unaikimbilia. Watoto wanavushwa barabara ya malori ili wakabanane huko, na mwalimu aliyesifiwa kwa kumjua kila mtoto hawezi tena kuwajua. Shule ya jirani nayo inabaki na wazazi wasio na wa kuwasemea. Tumeharibu mbili kwa mpigo.

Tulinganishe, basi, ili tuidai na kuijenga iliyo karibu nasi. Mwambieni mwalimu mkuu na kamati ya shule: wenzetu watoto wao wanakunywa uji saa nne, wetu wanashinda na njaa kwa nini? Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada. Wajibu wa mzazi haukufutwa. Mwalimu tumdai kwa halmashauri, bila kuchoka. Uji, mikeka na visoda viko ndani ya uwezo wetu.

Mkutano wa wazazi ukiitishwa, baba na mama, nendeni wote wawili, mkaseme mliyoyaona.