Ngazi Si Dari

Pana watu wasemao kuwa Hatha Yoga ni mazoezi ya viungo tu, na kwamba habari za roho ndani yake ni pambo. Pana na wengine waaminio kuwa mtu awezaye kusimama kwa kichwa, miguu ikaelekea juu, amekwisha karibia mbingu. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini kosa lao ni moja: yote yameitazama ngazi yakaisahau dari.

Tuanze na jina. Katika Kisanskriti neno yoga lina asili moja na kufunga nira, na hatha maana yake ni nguvu. Basi Hatha Yoga ni kuutia mwili nira kwa juhudi, kama ng'ombe afungwavyo apate kulima. Ni nani aliyemfunga ng'ombe nira, akashinda akiisifu shingo yake, na shamba akaliacha na magugu?

Katika karne ya 15 Svatmarama alitunga Hatha Pradipika. Kitabu hiki kina sura nne: mikao ya mwili, kuzuia pumzi, mihuri ya kufungia nguvu za ndani, na mwisho utulivu kamili wa fikira uitwao samadhi. Mikao aliyoieleza ni 15 tu, na mingi ni ya kuketi. Tangu mwanzo aliita Hatha ngazi ya kupandia kwenye Raja Yoga, ambayo ni utawala wa nafsi. Katika sura ya mwisho akaonya kuwa watendao Hatha pasipo kuijua Raja hutaabika bure. Mwenye ngazi amekwisha sema. Sisi tunabishana na nani?

Mtu atauliza: mwili huu wa udongo waweza kuifaa roho nini? Na ajitazame akikasirika. Pumzi yake hukimbia, na fikira zake hukimbia nayo. Akiituliza pumzi, hasira hulegea. Mafundisho ya Hatha yamejengwa juu ya jambo hili dogo, ambalo kila mtu aweza kulijaribu nyumbani kwake. Vivekananda, katika kitabu chake cha Raja Yoga cha mwaka 1896, aliiweka Hatha kando kuwa ni kazi ya mwili. Namheshimu, lakini nasema alikosa: aliuona mlango akaudhani ukuta.

Wala mlango huo haukuwa wa Wahindu peke yao. Katika karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, sheikh wa tarika ya Shattari, aliandika kwa Kiajemi Bahr al-Hayat, kitabu kielezacho mikao na pumzi za mayogi. Sheikh huyo hakuacha dini yake, wala hakuwa akitafuta misuli. Alitambua chombo kilichoweza kumsaidia mtu katika kumkumbuka Mola wake.

Mwaka 1966 B. K. S. Iyengar alitoa Light on Yoga, chenye mikao ipatayo 200 na picha zipatazo 600. Kabla ya picha alieleza kwanza maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba. Wasomaji wangapi wamezifunua kurasa hizo upesi wafikie picha! Tangu 2015 dunia huadhimisha Siku ya Yoga kila tarehe 21 Juni, na umati hukunja viungo pamoja. Ni jambo jema. Lakini kukunja mgongo ni rahisi kuliko kukunjua moyo.

Hasara ya kosa hili humwangukia mnyonge. Svatmarama alisema kuwa kijana, mzee, mkongwe, mgonjwa na dhaifu wote waweza kufaulu, wakitenda kwa bidii. Leo njia hiyo imefanywa uwanja wa mashindano ya wenye viungo laini, na mkongwe mwenye magoti mazito husimama nje akidhani hakualikwa. Amealikwa. Na aketi kwa adabu, aihesabu pumzi yake, aulinde ulimi wake na dhuluma. Huyo amepanda daraja nyingi kuliko asimamaye kwa kichwa huku kiburi chake kimesimama kwa miguu.