Tusilisingizie bando kila kitu

Leo nina hoja ya mambo ya kompyuta, ila inagusa mfuko wa kila mwanachuo hapa Moshi.

Ukurasa wa intaneti ukianza kugandaganda, wote tunasema "netiweki mbovu", mtu anakimbia kununua bando jingine kwa hela ya msosi. Jamani, fanya jaribio hili kwanza. Fungua ukurasa mrefu wenye picha, ukishafunguka wote zima intaneti, halafu uupandishe na kuushusha. Bado unakwama? Basi bando halihusiki hapo. Kinachokwama ni uchoraji.

Zamani brauza ilimtwisha prosesa kazi yote: kusoma kodi, kupanga maandishi, mpaka kupaka rangi kila nukta. Skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta zaidi ya milioni 1, na ili mwendo uwe laini, picha inabidi ibadilike mara 60 kwa sekunde. Ni sawa na kumpa njemba mmoja azibue mfongo mzima, kuanzia msituni hadi vihambani. Mfongo huzibuliwa kwa msaragambo, kila mtu na kipande chake. Chipu ya grafiki ndiyo msaragambo wenyewe: vichakato vidogo vingi vinapaka rangi kwa wakati mmoja. Ukurasa ukishagawanywa matabaka, ukiushusha chipu inayasogeza tu bila kuchora upya kila kitu. Mwaka 2011 Internet Explorer 9 na Firefox 4 zilitoka na uwezo huo, na leo brauza zote kubwa zinao.

Sasa shida yetu. Laptop nyingi tunazotumia ni za mtumba na draiva zake ni za kale. Brauza ikikuta draiva isiyoaminika, inazima msaada huo kimyakimya na kumrudishia prosesa mzigo. Wengine wameambiwa kijiweni wauzime wenyewe eti "unakula memori". Ni kweli unatumia memori, na draiva mbovu inaweza kuleta madoa meusi kwenye skrini. Lakini dawa ya kwanza ni kuweka draiva mpya.

Na usiniambie laptop yako haina kadi ya grafiki. Tangu 2011 prosesa nyingi za Intel za laptop zina grafiki humo humo ndani.

Kwa hiyo kabla hujauza mashine kwa bei ya kutupa, andika chrome://gpu kwenye Chrome au about:support kwenye Firefox, uone kama msaada umewashwa. Nanyi mnaosomea kutengeneza tovuti, punguzeni vivuli na madoido, mjaribu kazi zenu kwenye mashine ya mtumba kabla ya kujisifu. Hata msaragambo huchoka.

Bando tununue pale linapohitajika kweli. Naomba kutoa hoja, anayepinga aje na sababu!