Watoto wa Kilosa na Mbuga ya Jirani: Barua Kutoka Zürich

Kilosa na Mikumi hazina majira ya kuchipua yaliyoandikwa kwenye kalenda, ila miti inayajua. Kati ya Septemba na Oktoba, kabla mvua za vuli hazijagusa ardhi, miombo huvaa majani mapya mekundu yenye mng'ao wa shaba. Vilima vya njia ya Ulaya (Ulaya ya Kilosa, si hii inakoandikiwa barua) hugeuka rangi kwa wiki chache, kisha hukolea kijani. Nyasi za tambarare ya Mkata zimekauka na kulala, maji yamebaki kwenye mabwawa machache, na wanyama hawana budi kuyafuata. Shule nazo hupumzika kidogo mwezi huo wa Septemba. Kwa familia yenye watoto wadogo, hakuna wakati bora zaidi wa kutoka. Juni kuna ubaridi mzuri na likizo ndefu, lakini nyasi bado zinamficha swala. Masika ni ya kukaa nyumbani, maana njia nyingi za mbugani hugeuka tope.

Likizo ya mtoto wa Kilosa kwa kawaida ni kupelekwa kwa bibi, kununuliwa soda na chipsi siku ya sikukuu, kwenda kutazama treni, na kucheza kwenye mchanga wa Mkondoa maji yanapopungua. Si likizo mbaya. Lakini Mkondoa si mto wa kuachiwa watoto peke yao: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli ya kati na kuacha maelfu ya watu wakilala kwenye mahema.

Mbuga yenyewe iko ndani ya eneo ambalo wilaya ya Kilosa inalihesabu kuwa lake. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inaikata kwa takriban kilomita 50. Kwa hiyo watu wengi wa Morogoro wamemwona tembo, ila wamemwona kupitia dirisha la basi, dereva akiwahi Ruaha Mbuyuni na abiria wa upande wa pili wakisimama kuchungulia. Hapo ndipo utalii wao huanzia na kuishia. Ukiuliza sababu, jibu ni lilelile la miaka yote: mbuga ni ya wazungu. Jibu hilo linaudhi kwa sababu si kweli. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya kile wanacholipa wageni kwa dola, na mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Kinachomzuia mtoto wa Kilosa ni gari. Makundi hukodi gari na kugawana gharama. Baba, mama na watoto wawili hawawezi.

Huku Zürich hakuna mbuga, ila tramu namba 6 inapanda hadi bustani ya wanyama, na huko, tangu mwaka 2020, kuna eneo liitwalo Lewa Savanne, lililochukua jina la hifadhi ya Lewa ya Kenya. Twiga na pundamilia wanatembea mbele ya mibuyu ya bandia. Jumapili ya Aprili, theluji ikiwa imeyeyuka majuzi tu, mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Uswisi anamtambua twiga kwa jina na kwa tabia. Binamu yake wa Kilosa, anayeishi wilaya moja na twiga halisi, anamjua kwa picha ya ukutani shuleni. Mzazi aliyehama akisimama pale kwenye uzio na ice cream mkononi hukosa la kusema, na pengine ndiyo sababu barua kama hizi huandikwa kwa sauti ya juu kuliko inavyostahili.

Dawa inayopendekezwa hapa ni moja: basi. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na Kilosa ina stesheni yake. Magazeti ya nyumbani yamejaa kilomita 160 kwa saa, mahandaki na vichwa vya treni. Kasi ni jambo jema. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi akishuka Kilosa saa tatu asubuhi, swali lake ni anaelekea wapi kutoka pale. Uswisi mtoto wa chini ya miaka 6 hapandi kwa tiketi. Wa miaka 6 hadi 16 husafiri na mzazi mwaka mzima kwa kadi ya faranga 30. Na basi la njano la posta linasubiri treni hata kwenye kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu.

Basi la Kilosa halihitaji kuwa la kifahari. Kosta moja yenye mikanda inatosha, kila Jumamosi na kila siku ya likizo kuanzia Juni hadi Oktoba, ikiondoka treni ya asubuhi inapofika na kurudi kabla ya treni ya jioni. Tiketi iwe moja, inunuliwe palepale panaponunuliwa ya treni, na ijumlishe nauli, kiingilio na mwongozaji anayejua kuzungumza na watoto kwa Kiswahili. Kanuni ya nauli za watoto ipo tayari kwenye treni, ambako wadogo hulipa nusu na wachanga hawalipi. Inatakiwa tu isiishie mlangoni mwa stesheni. Wakati wa likizo, siku moja kwa wiki viti viwe vya watoto wa Kilosa, Kimamba na Mikumi kwa bei ya chini kabisa, maana ni aibu basi la Kilosa likijaza watu wa Dar es Salaam peke yao. Shirika la reli lina abiria, hifadhi ina wanyama, halmashauri ina watoto. Barua ya makubaliano baina ya watatu hawa haizidi kurasa chache.

Pingamizi zinajulikana. Itasemwa abiria hawapo, kana kwamba kuna aliyewahi kupanda basi lisilokuwepo. Itasemwa barabara ni mbaya, na wakati wa mvua ni kweli. Ndiyo maana huduma ianze na kiangazi. Itasemwa pia kwamba walioko nje ni hodari wa kushauri, na hapo hakuna utetezi mzuri. Waliohama hutuma hela za misiba, ada na mabati. Wakija Desemba hukodi gari, huwapeleka Mikumi watoto wao waliozaliwa nje, na kuwaacha wa nyumbani wakichungulia kwenye ua wa bibi kwa sababu nafasi haikutosha. Gari lina viti saba, na kila mara wanaobaki ni walewale. Ingefaa basi hilo lianze hata kwa michango yao, kabla hawajaandika barua ya pili.

Safari yenyewe na watoto wadogo ina mambo yake. Kwa wenye gari, kuondoka ni alfajiri, kwa sababu ifikapo saa tano jua limewaingiza wanyama vivulini na watoto wameanza kulia. Bwawa la viboko liwe kituo cha kwanza, kwani ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mgeni huruhusiwa kushuka na mtoto akanyoosha miguu. Chakula kikae ndani ya gari, madirisha yakifungwa nyani wakiwa karibu. Nguo za bluu na nyeusi ziachwe nyumbani, kwa kuwa mbung'o huzifuata rangi hizo. Shule zinazopeleka watoto mbugani kwa kaptura na sketi za bluu za sare zinawapeleka kuliwa. Saa tatu ndani ya hifadhi zinamtosha mtoto wa miaka 4. Wakubwa kidogo, wenye miguu ya kupanda, wanaweza kupelekwa hifadhi ya Udzungwa kutazama maporomoko ya Sanje yenye takriban mita 170, lakini hiyo ni safari ya kulala njiani, na basi lake litaombwa likishapatikana hili la kwanza.